Tarehe Ishirini na Moja

Nianze na kosa langu, maana nikianza na kitu kingine mtanionea huruma kabla ya wakati, na huruma hiyo itakuwa imekwenda kwa mtu asiyestahili. Katibu nilikuwa mimi. Daftari nilishika mimi, bahasha za benki nilifungua mimi, na pesa za kila mwezi nilizipeleka mimi kwa miguu yangu. Kamanda alipokosa nyumba hapakuwa na haja ya kutafuta mchawi.

Tulikuwa wanawake watano katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi. Upande wa pili, kwenye mashine za kufua, walikuwa wanaume, na kati yao na sisi kulikuwa na mlango wa mpira na vita vya chini kwa chini kuhusu nani anachelewesha kazi. Kwetu kulikuwa na mashine moja ya rola, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, inayotoa mvuke kutwa nzima. Shuka linaingia upande mmoja likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka na lina moto, na watu wawili wanalidaka. Mnalivuta, mnalikunja kwa urefu, mnaendeana mpaka pembe zikutane, mwenzako anazichukua zote, unarudi kudaka lingine. Ukikunja mashuka na mtu miaka kumi na mitatu mnakuwa mmetazamana usoni mara nyingi kuliko mke na mume.

Kamanda alikuwa msimamizi wetu. Jina tulimpa sisi, kwa jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni saa moja kasorobo asubuhi, mikono nyuma, akitazama saa ya ukutani badala ya kututazama sisi. Jina alilijua na alijifanya halijui. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, watoto wake wawili walishakuwa na miji yao, na alipenda vitu viwili duniani: shuka lisilo na mkunjo na nyumba aliyopanga.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, jiko na ua mdogo wa saruji wenye bomba. Alikuwa amekaa humo miaka kumi na tisa. Vigae vya jikoni aliweka yeye, dirisha la chumbani alibadilisha yeye, na mlango wa mbele aliupaka rangi ya bluu kila mwaka kwa mkono wake, akiwa amefunga kitambaa kichwani na hataki kusaidiwa. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole wa maneno machache, alikuwa amemwahidi zamani: "Siku nikiuza, mwanangu, nitaanza na wewe." Kwa ajili ya siku hiyo Kamanda alikuwa ameweka akiba ya milioni sita, polepole, kwa miaka yote ile. Sisi wengine tulikuwa tunanunua viatu.

Watu watano wanaolipwa mshahara siku moja hawakosi kucheza upatu, na sisi tulicheza. Kila mwezi, siku ya mshahara, kila mmoja anatoa fungu lake, na mmoja anabeba lote. Mwezi unaofuata anabeba mwingine. Miaka tisa hatukugombana, na sababu ilikuwa sheria mbili. Ya kwanza, anayeshika pesa hashiki daftari. Pesa alishika Kamanda, daftari nilishika mimi, na hakuna aliyechungulia cha mwenzake. Kuchungulia kulihesabiwa ni tusi. Ya pili, siku ya kutoa ni siku ya mshahara. Mshahara ukitoka tarehe ishirini na tano, ni hiyo. Ofisi ikituchezea ukatoka tarehe ishirini na nane, basi ni ishirini na nane, na hakuna mtu aliyechelewa. Kilichohesabiwa ni mwezi. Mtu aliyekosa mwezi alikuwa mdaiwa; mtu aliyesubiri mshahara alikuwa mtu wa kawaida.

Kisha ikaja kadi.

Kijana wa benki alifika hospitalini na shati jeupe na fomu, akazunguka idara zote akitafuta walioajiriwa moja kwa moja. Kwetu alikuwa Kamanda peke yake. Sisi wanne tulikuwa na mikataba ya mwaka mwaka, na benki haikututazama mara mbili. Baada ya wiki tatu Kamanda akapata kadi ya mkopo yenye kikomo cha milioni mbili na nusu. Aliileta kazini ndani ya bahasha, akaiweka juu ya meza ya kukunjia, tukaikalia kikao saa ya chai.

"Mimi sina shida nayo," akasema. "Ya nini kukopa wakati nina kazi?"

"Dada, hiyo ni pesa imelala," akasema Redio. Redio tulimwita hivyo kwa sababu hazimwi.

"Siyo yangu. Ni ya benki."

"Ndiyo maana nasema imelala. Ingekuwa yako ungekuwa umeshaifungia."

Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu. Nilikuwa nimesoma karatasi iliyokuja na kadi, au tuseme nilisoma sehemu niliyoielewa: kila mwezi unaweza kulipa kiasi cha chini, asilimia tano ya unachodaiwa. Nikapiga hesabu nyuma ya kijikaratasi cha furushi la nguo chafu. Mtu akitumia laki nne, asilimia tano ni elfu ishirini. Elfu ishirini mara ishirini ni laki nne. Miezi ishirini, deni limekwisha. Na ukishalipa, kikomo kinajaa upya, zamu zinaanza tena. Huu, nikawaambia, ni upatu uleule, tofauti ni kwamba wote tunabeba mwanzoni. Watu watano, laki nne kila mtu, milioni mbili. Nusu milioni inabaki kwa dharura.

Walinitazama kama mtu aliyevumbua moto. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kamanda alisita siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Haya. Lakini sheria ni zilezile. Kadi naishika mimi, karatasi unashika wewe." Akanikabidhi ufunguo wa sanduku la barua la idara, ambako taarifa za benki zingefika. Hakuwahi kufungua bahasha hata moja. Kwake yeye kuifungua kungekuwa kunichungulia.

Mwezi wa kwanza nilibeba mimi, kwa heshima ya uvumbuzi wangu. Nikanunua friji. Wa pili, Bi Harusi, ambaye uchumba wake ulikuwa na miaka tisa na mwanamume bado alikuwa akijipanga, alinunua kitanda cha sita kwa sita. Wa tatu, Mama Mapacha alilipa ada ya shule. Wa nne, Redio hakununua kitu; aliomba kadi na namba ya siri, akatoa pesa taslimu kwenye mashine, na mpaka leo hatujui zilikwenda wapi. Kamanda alikuwa wa mwisho. Alinunua mabati mapya ya paa la jiko, kwa nyumba isiyo yake bado.

Kila mtu aliyekwisha kubeba alitoa elfu ishirini siku ya mshahara. Kuanzia mwezi wa tano ilikuwa laki moja kamili. Nilikuwa nikiipeleka benki mchana wa siku ileile, nikiwa na aproni yangu bado, na kurudi na risiti ninayoibandika kwenye daftari kwa gundi. Sikukosa mwezi. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo, kimoyomoyo na wakati mwingine kwa sauti.

Katika taarifa ya benki nilisoma kisanduku kimoja, kile cha chini kilichoandikwa kiasi cha chini cha kulipa. Ni ugonjwa wa kazi. Furushi la nguo likija kutoka wodini lina kijikaratasi cha namba. Unasoma namba, hufungui furushi kujua kuna nini. Kisanduku kilikaribiana na hesabu yangu, kikizidi kidogo nilijazia mfukoni mwangu, na maneno mengine yote ya ukurasa ule niliyaacha yalale.

Tarehe niliiona. Nisijifanye kipofu. Juu kulia iliandikwa kwa wino mzito kwamba malipo yafike kabla ya tarehe ishirini na moja au siku yenyewe. Mshahara ulitoka ishirini na tano. Nikajiambia siku nne ni nini. Mwezi wa tatu benki ilimtumia Kamanda ujumbe kwenye simu, akaja kunionyesha katikati ya kazi, miwani ikiwa puani.

"Wanasema muda umepita."

"Hao wanakumbusha kila mtu," nikamwambia, nikiwa nimeshika pembe mbili za shuka. "Tunalipa mwezi huuhuu. Usiwe na wasiwasi."

Akarudisha simu mfukoni. Hakuniuliza tena, na jumbe zilizofuata nadhani alizifuta bila kusoma, kwa sababu mimi nilisema.

Mwezi wa kumi na tatu tangu kadi ije, mwenye nyumba alipiga hodi kwa Kamanda jioni moja. Miguu ilikuwa inamsumbua, alikuwa anahamia kwa binti yake, na alikuwa anauza. Bei milioni kumi na nane. Alikuwepo mwenye duka la vipuri aliye tayari kulipa taslimu, lakini ahadi ni ahadi: Kamanda alikuwa na miezi miwili, mpaka tarehe kumi na tano.

Sijapata kumwona mtu akifurahi kwa utulivu kama ule. Alikuja kazini, akahesabu watu, akatugawia kazi, halafu saa ya chai akasema, "Nanunua nyumba yangu," akanywa chai. Alikuwa na milioni sita. Milioni kumi na mbili angekopa benki, kwa mshahara wa msimamizi aliyeajiriwa moja kwa moja, na kama mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, ana kadi yao na hajakosa mwezi. Alinitazama aliposema hivyo. Nikatabasamu.

Benki ilitaka barua ya mwajiri, vitambulisho, hati ya nyumba, tathmini. Ilichukua wiki tano. Tukaitwa tarehe ishirini na saba, siku mbili baada ya mimi kupeleka malipo ya kumi na nne. Kamanda alitaka twende wote wawili, kwa kuwa risiti zilikuwa kwangu. Alivaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Afisa wa mikopo alikuwa dada mdogo, umri wa binti yake, mwenye sauti ya chini. Alisimama akamwamkia Kamanda kwa heshima, akatukaribisha viti, akageuza uso wa kompyuta kidogo ili tuone. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya karatasi mpya.

"Mama, maombi yako hayakupita," akasema. "Nimeona nikueleze ana kwa ana. Tatizo ni kadi."

"Kadi hatujakosa mwezi," nikasema, nikafungua daftari.

Alizitazama risiti zangu zote, moja moja, kwa adabu. Kisha akaweka kidole kwenye tarehe. "Ishirini na tano. Ishirini na tano. Ishirini na nane. Ishirini na tano. Tarehe ya mwisho ni ishirini na moja. Kwenye kumbukumbu zetu, mama amechelewa mara kumi na nne katika miezi kumi na minne."

"Ni siku nne tu," nikasema.

"Siku nne ni kuchelewa, dada. Na kila mara kuna faini ya elfu kumi na tano."

Kamanda alikuwa akizitazama risiti. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba.

"Kwa hesabu yenu mmelipa kiasi gani mpaka sasa?" afisa akauliza.

Hiyo niliijua. "Milioni moja na laki mbili."

"Na deni mnafikiri limebaki ngapi?"

Zilikuwa zimetumika milioni mbili. Nikasema laki nane. Afisa akageuza kompyuta zaidi, taratibu, nadhani kwa huruma. Ilikuwa milioni moja, laki nane na elfu tisini.

Nilihisi joto la rola usoni, ndani ya chumba kile cha baridi. Yule dada alichukua karatasi, akaandika taratibu. Laki moja inaingia. Riba ya mwezi, elfu sabini kasoro kidogo, inatoka. Faini, elfu kumi na tano, inatoka. Kinachopunguza deni ni elfu kumi na tano na vichenji. "Malipo ya chini ni ya kukuzuia usihesabike umeacha kulipa," akasema. "Hayakuwekwa ili umalize deni. Ukilipa hivyo unakaa nalo miaka. Na hapa naona pesa taslimu kwenye mashine. Hiyo ina ada yake, na riba yake inaanza kuhesabiwa siku ileile."

"Sasa watu wanaitumiaje?" Kamanda akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Ukinunua kitu kwa kadi, mama, ukalipa chote kabla ya tarehe, riba hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hata senti. Unanunua unachoweza kukilipa mwezi huohuo. Na kila ukilipa kwa wakati, sisi tunaandika. Watu kama wewe tunawatafuta."

Kamanda alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Nikilipa deni lote leo?"

"Itasaidia sana. Lakini mkopo wa nyumba unadai miezi kumi na miwili safi. Tunaanza kuhesabu na taarifa itakayofuata." Kisha afisa akatazama orodha ya manunuzi, friji, kitanda, ada, pesa taslimu, mabati, na kuuliza kwa sauti ileile ya chini, "Mama, kadi hii unaitumia peke yako?"

Mimi nilitazama sakafu. Angeweza kusema. Angeweza kunielekeza kidole nikiwa nimekaa palepale na daftari langu la gundi.

"Ni yangu," akasema Kamanda. "Jina ni langu."

Tulitoka nje. Barabarani palikuwa na jua kali na mtu anauza soksi. Tulitembea mpaka kwenye kona, akasimama.

"Tarehe uliiona?"

"Niliiona."

"Na ule ujumbe?"

"Niliona hauna uzito, dada."

Aliitikia kwa kichwa. Nilitamani anitukane, na sijui kama nimewahi kutamani kitu kwa nguvu kama nilivyotamani tusi lile. Alisema tu kwamba mashuka ya wodi ya wazazi yanatakiwa saa nane, turudi kazini.

Kesho yake saa ya chai alituambia wote. Alieleza hesabu ya yule dada bila kupepesa macho, riba, faini, tarehe, na jina langu hakulitaja. Nikalitaja mwenyewe. Redio, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alizimwa. Bi Harusi akalia, akasema atauza kitanda; Mama Mapacha akamwambia akiuze lini wakati hajakilalia. Hakuna aliyecheka sana.

"Sikilizeni," Kamanda akasema. "Deni nimelilipa asubuhi. Lote. Limetoka kwenye akiba yangu."

Mama Mapacha akaweka kikombe chini.

"Kuliacha benki ni kutupa elfu sabini kila mwezi. Sasa mnadaiwa na mimi. Mimi sina riba na sina faini. Lakini tarehe ninayo." Akanigeukia. "Andika. Tarehe ishirini. Mshahara ukichelewa, mtu atajua atakakozitoa."

Nikaandika. Milioni moja, laki nane na elfu tisini, pesa ya nyumba, ilikuwa imekwenda kulipia friji langu, kitanda cha Bi Harusi na mambo ya Redio yasiyojulikana. Wiki ileile niliuza friji kwa jirani kwa laki mbili na nusu, nikampelekea Kamanda. Alizihesabu mbele yangu, akaandika risiti. Hakuniambia ahsante na nilishukuru.

Alikwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, akamweleza ukweli. Mzee aliomba mwaka mmoja kwa mwenye duka la vipuri, kwa niaba yake. Yule akakataa, naye alikuwa na haki, maana pesa zake zilikuwa mkononi. Tarehe kumi na tano ikapita. Hati ikasainiwa. Kamanda akapewa siku mbili za kufungasha.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na saba. Tulikwenda wote wanne. Mtu akitaka kuhama vizuri awaite watu wa chumba cha kufulia: kufika saa nne asubuhi kila kitambaa cha nyumba ile kilikuwa kimekunjwa kwa vipimo vya hospitali na kufungwa kwa mafurushi yenye namba. Gari dogo la mizigo lilisimama nje. Vyombo vilipita mlango wa bluu kimoja kimoja, na ukutani pakabaki alama za mahali kabati lilipokuwa. Mabati ya jiko yalikuwa yanang'aa bado. Hayahamishiki.

Mimi na Kamanda tulibaki na mashuka ya mwisho, yale ya kitandani kwake. Tuliyakunja uani, karibu na bomba. Kuvuta, kukunja, kuendeana. Pembe zilipokutana hakuzichukua. Alisimama ameshika zake, mimi nimeshika zangu.

"Mwezi huu nimenunua kwa kadi," akasema. "Sabuni, na balbu mbili za chumba nilichopata. Elfu kumi na nane na mia tano. Bahasha imefika?"

"Imefika jana. Iko kwenye mkoba."

"Umeifungua?"

"Nimeisoma yote, dada. Mpaka maandishi madogo ya nyuma."

"Tarehe ya mwisho?"

"Ishirini na moja. Jumatano."

Aliachia shuka mkononi mwangu, akaingiza mkono ndani ya gauni, akatoa noti zilizokunjwa na sarafu moja. Kadi ilibaki huko ilikotoka pesa. Akanihesabia elfu kumi na nane na mia tano katika kiganja changu.

"Benki Jumamosi wanafunga saa sita," akasema. "Nenda ukalipe."

Nilitaka kumwambia ampe mtu mwingine. Ampe Mama Mapacha, ampe hata Redio. Nikaona nikifungua mdomo nitalia, na pale hapakuwa mahali pangu pa kulia. Nikaweka shuka juu ya furushi, nikatoka.

Nilikwenda mbio, mtu mzima na tumbo langu. Foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja. Niliwahesabu mara tatu. Dirishani nilisema maneno niliyoyarudia njia nzima: malipo ya kadi, kiasi chote, siyo cha chini. Mhudumu akagonga muhuri. Niliusoma muhuri kabla sijaondoka dirishani, watu nyuma yangu wakiguna.

Niliporudi gari lilikuwa limepakiwa, dereva yuko kwenye usukani anapiga honi na kulalamika kwamba ana mzigo mwingine saa saba. Wenzangu watatu walikuwa juu ya mafurushi. Mwenye duka la vipuri alikuwa amesimama barazani akisubiri ufunguo, anatazama saa. Kamanda alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mlango wa bluu, mikono magotini. Alikuwa amezuia gari lisiondoke kabla sijarudi.

Nikampa risiti. Alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea: jina lake, namba ya kadi, kiasi, baki sifuri. Mwisho akafika kwenye muhuri, akaupitisha kidole.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba, dada."

Akaikunja risiti mara mbili, pembe kwa pembe, akanirudishia nikaibandike. Kisha akasimama, akafunga mlango, akaujaribu kama umefunga, na kumkabidhi yule bwana ufunguo.

"Huo ni mmoja," akaniambia wakati tunapanda gari. "Bado kumi na mmoja."